Kikwaruzo na Godoro

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na paa la chumba cha spiriti, tunamohifadhi vielelezo vya wanyama wa baharini, likaanza kuvuja papo hapo. Nimetega ndoo ya bluu karibu na dirisha. Mkuu wa makumbusho kaniita ofisini kwake. Ghala lote linahamia jengo jipya mwisho wa Mei, na kila kilichomo sharti kihame na jina lake sahihi. Kisha akanisukumia barua. Mtafiti mmoja wa mbali anauliza kama papa malaika wetu, ambao tunawahesabu kuwa spishi mbili, ni mbili kweli.

"Wapime wote, uniambie," akasema Mkuu. "Mbili au moja. Sitaki insha."

Nikamkumbusha kwamba aliyesema ni mbili ni baba yangu mzazi.

"Ndiyo maana nakupa wewe. Ukisema moja, nani atabisha?"

Na nikisema mbili? Sikuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Naandika kwa utaratibu nisije nikajichanganya baadaye.

Papa malaika ni papa aliyebapa, mwenye mapezi mapana ubavuni. Asiyemjua hudhani ni yule samaki aitwaye taa. Lakini taa mdomo wake uko chini, upande wa tumbo, na malaika mdomo wake uko mbele kabisa, kwenye ncha ya kichwa. Anajifukia mchangani, anaacha macho nje, anangoja samaki apite. Kazi yake kubwa maishani ni kungoja.

Wa Kwanza alitambulishwa zamani, kabla babu yangu hajazaliwa. Ni mdogo, na ana mstari wa miiba katikati ya mgongo, kuanzia kichwani hadi mkiani. Tunao ishirini na sita, wote kwenye chupa, rafu ya kushoto.

Wa Pili ni mkubwa na mgongo wake ni laini. Tunao kumi na mmoja, kwenye matangi ya chuma, upande wa kulia. Huyu alitambulishwa na Baba, miaka thelathini sasa, akampa jina la Mama. Kwenye vitabu ni jina la Mama lenyewe, limefungwa mkia wa herufi mbili ili liwe Kilatini. Jike aliyebeba jina hilo, yule ambaye wengine wote hulinganishwa naye, yuko tangi la kwanza. Sisi wa chumba hiki tunaliita tangi mama. Lebo yake ina tarehe ya siku niliyozaliwa mimi, mwaka mmoja kabla Baba hajachapisha andiko lake. Nyumbani ilikuwa hadithi ya kuwachekeshea wageni: siku moja, mabinti wawili.

Mama na Baba hawakai pamoja tangu nikiwa na miaka tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Baba kaja, kama kila Alhamisi tangu astaafu. Anakaa kwenye stuli karibu na tangi mama, anasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia, anakunywa chai yangu yote.

"Mbona umezitoa chupa?"

"Tunahama, Baba."

Si uongo. Si ukweli mzima pia.

Ijumaa, 8 Machi

Chupa sita. Ndoo mbili.

Jumatano, 13 Machi

Nusu ya kazi imekwisha. Napima urefu wa mwili, upana wa mapezi, nafasi kati ya macho, nafasi kati ya jicho na tundu la kupumulia, naangalia ndevu za puani, nahesabu miiba. Kwa kila kipimo Wa Pili anatoka na namba yake peke yake. Mapezi yake ni mapana zaidi kwa urefu wa mwili, macho yake ni madogo zaidi kwa upana wa kichwa. Nimeona nafuu. Nilikuwa sijui kama nina wasiwasi mpaka uliponitoka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia Baba kuhusu barua. Hakukasirika. Alikunja gazeti mara nne, akaweka kioo mfukoni.

"Umefika aya ya mwisho ya andiko langu?"

Nilikuwa nimefika. Naijua kwa moyo. Inasema wavuvi na wachuuzi wenyewe wanawatofautisha hawa samaki wawili, na wana jina kwa kila mmoja: mwenye miiba ni kikwaruzo, mwenye mgongo laini ni godoro.

"Sokoni walijua kabla yangu," akasema. "Mimi nilichofanya ni kuwasikiliza."

Huyu ndiye mtu aliyenifanya niandike lebo moja mara tisa kwa sababu ya mkato. Alinifundisha pia sheria ya chumba hiki: lebo haitolewi kamwe. Ukigundua kosa, unaandika lebo mpya, unatia tarehe na jina lako, unaiweka ndani pamoja na ile ya zamani. Aliyekosea na aliyesahihisha wanakaa kwenye spiriti moja.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimemaliza chupa ya ishirini na sita, kisha nikakaa kwenye stuli ya Baba.

Papa dume ana vijiti viwili pembeni mwa mapezi ya tumbo. Akiwa mtoto huwa vifupi na laini. Akikomaa vinarefuka na kuwa vigumu. Nina madume kumi na wanne wa spishi ya Kwanza. Nimewagusa wote. Vyote vifupi, vyote laini.

Nikavuka upande wa kulia nikafungua matangi. Wa Pili wana madume wanne. Vijiti vyao vigumu kama kalamu.

Hakuna mkubwa hata mmoja kushoto. Hakuna mtoto hata mmoja kulia.

Sisi hupanga vielelezo kwa kufuata ukubwa. Kinachoingia kwenye chupa kinakwenda rafuni, kisichoingia kinakwenda tangini. Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri, haipotezi nafasi. Kwa miaka yote hiyo kila mtu aliyeingia hapa alitembea katikati ya watoto na wakubwa akiwaona ni mataifa mawili. Nilitembea na mimi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua tu.

Alhamisi, 21 Machi

Baba hakuja, njia imejaa maji. Nimefurahi. Kisha nikaona aibu kwa kufurahi.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda soko la samaki. Nilimtafuta mchuuzi mkongwe kuliko wote, nikaonyeshwa mama mmoja aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya meza ya zege, visu vinne vimepangwa kwa ukubwa. Wenzake wanamwita Bi Visu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwonyesha picha mbili kwenye simu.

"Huyu mnamwitaje, shangazi?"

"Kikwaruzo. Ukimshika vibaya utajua kwa nini."

"Na huyu?"

"Godoro."

"Kwa hiyo ni samaki wawili tofauti."

Hapo akaniangalia. "Nani kasema?"

"Si mna majina mawili?"

"Binti, wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Nafaka ya pilau, ukiikuta shambani unaiitaje?"

"Mpunga."

"Ukiuona gulioni, kwenye gunia?"

"Mchele."

"Na ukiwekewa kwenye sahani?"

Nikarudisha simu mkobani.

"Sema! Au unadhani kuna mtu anapanda wali?"

Mwenzake wa meza ya pili alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Visu yeye hakucheka. Alifuta kisu kwenye kanga ya kiunoni, akanieleza polepole. Kikwaruzo akikua, miiba inalika kwa kulala mchangani, inaisha kuanzia mkiani kwenda kichwani. Akishakuwa laini mgongo wote, ndiyo godoro.

"Alikuja Mwalimu mmoja zamani," akasema. "Kijana, miwani, ana rula. Akauliza huyu nani, tukamwambia. Huyu je, tukamwambia. Akaandika, akashukuru sana, akaondoka."

"Hakuuliza kama ni samaki mmoja?"

"Angeuliza angeambiwa. Alikuwa na haraka siku ile. Nakumbuka kwa sababu wenzake walikuwa wanamtania, mkewe yuko hospitali anajifungua."

Nilimshukuru. Nilirudi kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimempa Mkuu taarifa ya awali. Kasema maneno ya soko ni mazuri, vijiti vya madume ni vizuri zaidi, lakini anataka kitu cha kushika mkononi. "Niletee aliye katikati. Aliyeacha utoto na hajafika ukubwani. Miiba nusu, laini nusu." Bi Visu amenipa namba yake, lakini anasema siku hizi malaika hawaji kabisa, mkubwa wala mdogo. Bila huyo wa katikati, kasema Mkuu, tutawaacha wawili kama walivyo.

Nimetoka ofisini mwepesi. Nimefanya kazi yangu, na Baba kabaki na samaki wake. Sitakiwi kufanya zaidi.

Alhamisi, 11 Aprili

Baba kanywa chai. Mimi nimekunywa maji.

Jumatano, 17 Aprili

Paa limefunguka. Si tone tena, ni bomba. Limefunguka juu ya kona tunayoweka maboksi ya konokono, nikaanza kuyahamisha moja moja, viatu vimejaa maji. Nyuma ya boksi la mwisho, ukutani kabisa, kulikuwa na chupa ndefu imefunikwa gazeti.

Nimeifuta. Ndani kuna papa malaika jike, mkubwa kuliko wote wa rafuni na mdogo kuliko wote wa matangini. Nimemtoa nikamlaza kwenye sinia. Kuanzia kichwani hadi katikati ya mgongo ana miiba. Kuanzia hapo hadi mkiani kuna vidoa tu, mahali miiba ilipokuwa.

Hayumo kwenye daftari la chumba. Hana namba. Lakini lebo anayo, na mwandiko ni ule ulionifanya niandike mara tisa. Tarehe ni miezi minne baada ya andiko kuchapishwa. Mahali: sokoni. Jina la spishi halipo, pameachwa wazi. Chini kabisa maneno mawili: Miiba nusu.

Alijua.

Nimeandika neno hilo nikalitazama muda mrefu. Ningeweza kusamehe haraka ya siku moja, kila mtu ana siku kama hiyo. Lakini huyu mtu alipata jibu, akaliandikia lebo kwa mwandiko safi, akalifunga kizibo, akaliweka nyuma ya konokono. Kisha akanilea, akanifundisha mkato unakaa wapi. Nina hasira naye. Naiandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa ningeiandika kama ingesaidia.

Konokono wote wamepona.

Alhamisi, 18 Aprili

Kaja. Chupa nimeifunika taulo. Kaniambia nimepungua, nile. Nikasema ndiyo, Baba.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekwenda kwa Mama. Anakaa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na mashine yake ya kushonea iko dirishani apate mwanga. Alikuwa anapindia sare za shule. Nilimweleza yote, tangu barua mpaka chupa. Mguu wake haukuacha kukanyaga.

"Kwa hiyo jina langu linafutwa."

"Halifutwi. Linabaki vitabuni, ila halitumiki."

"Kama cheti changu cha ndoa," akasema, akakata uzi kwa meno.

Nilicheka, kwa sababu nilitakiwa kucheka. Kisha nikamwambia Bi Visu alivyokumbuka ile siku. Hapo mashine ikasimama.

"Uchungu ulinishika alfajiri," akasema. "Baba yako akanifikisha hospitali, akasema anapita sokoni mara moja, kuna samaki kawekewa, ataharibika. Mara moja! Alirudi jioni. Wewe ushazaliwa, ushanyonya, umelala zako. Kasimama pale mlangoni ananuka samaki, uso unang'aa, ananiambia amempata. Nikamuuliza, umempata nani? Akasema jike, mkubwa, mgongo hauna mwiba hata mmoja."

"Hakuomba radhi?"

"Nilingoja. Wiki, mwezi. Tulikuwa tunaongea mambo ya mkaa na sabuni tu. Mwaka ulipopita akaniletea kitabu kina jina langu. Kulikuwa na hafla, watu wakapiga makofi, nikapiga na mimi. Ungefanyaje?" Akageuza kola, akaipanga chini ya sindano. "Mwanangu, mimi nilitaka samahani. Nikapewa samaki."

Kwa miaka ishirini na mbili nimeamini Mama ndiye mwenye moyo mgumu. Alihama na mashine, masanduku mawili na mimi, na hakuwahi kutoa sababu. Baba alibaki anasikitika mbele ya watu, na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Leo nimemsaidia kukunja sare mpaka zikaisha. Nilikunja vizuri, kola juu ya kola.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeweka chupa mezani kabla hajafika, wazi, bila taulo.

Baba kaingia, kakung'uta mwavuli, kamwona. Hakukaa. Alitoa kioo cha kukuzia, akasoma lebo ingawa yeye ndiye aliyeiandika.

"Umeitoa wapi?"

"Nyuma ya konokono."

"Ndiyo. Hapo ndipo nilipoiweka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na karatasi ya vipimo, namba za madume, kila kitu. Alivuta stuli akakaa, na stuli ilikuwa mbali na tangi mama kwa mara ya kwanza.

"Nilishika kalamu wiki ile ile," akasema. "Barua ya masahihisho. Mistari mitatu ingetosha."

"Nini kilikuzuia?"

"Mama yako alikuwa ameanza kuongea na mimi tena. Tangu ile hafla. Niliona jina limemfurahisha. Sasa nimwendee nimwambie nini? Kwamba hata hilo limeharibika?"

"Ungemwambia samahani."

"Kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya siku niliyozaliwa, Baba."

Tone liliangukia ndoo, nikalisikia, na la pili, na la tatu. Baba yangu si mtu wa kulia na hakulia. Alivua miwani akaifuta kwa shati, shati lilikuwa limelowa, akaivaa na ukungu wake.

"Samaki alikuwa mezani anaanza kukauka," akasema. "Nilidhani nitamaliza kupima niwahi. Nilipomaliza mapezi nikaona nimalizie kichwa. Unajua ilivyo."

Najua ilivyo. Hilo ndilo lililoniuma. Nimeshawahi kumwacha mtu anangoja kwa sababu nilikuwa nimebakiza kichwa.

"Nikuandike?" nikamuuliza. "Kwamba chupa ilikuwepo tangu mwaka ule?"

"Unauliza mimi nijibu kama baba au kama mwalimu?"

"Vyovyote."

"Andika kama ilivyo. Lebo haitolewi."

Alikunywa chai. Alipoondoka alisahau mwavuli, nikamkimbilia nao hadi getini. Pale getini alinishika bega.

Jumatatu, 29 Aprili

Ripoti: kurasa nne. Jibu: moja. Mkuu kasema sentensi ya mwisho ni insha, nimeikata.

Jumanne, 7 Mei

Fundi kaziba paa, wiki tatu kabla ya kuhama. Nimemshukuru bila kucheka.

Alhamisi, 16 Mei

Lebo mpya ya tangi mama lazima iandikwe kwa mkono na mtu mmoja, atie jina na tarehe. Ilikuwa kazi yangu. Baba kaomba aiandike yeye. Ameharibu karatasi tano. Ya sita alishikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ameandika jina la spishi ya Kwanza, jike, aliyekomaa, kisha jina lake mwenyewe na tarehe ya leo. Kwenye mstari wa maelezo, ambapo huwa tunaandika rangi au hali ya ngozi, ameandika: Nilikosea.

Si desturi. Nimeiacha.

Tumefungua kifuniko pamoja. Ameizamisha ndani kwa koleo, ikashuka taratibu ikalala ubavuni kwa papa, karibu na ile yenye tarehe yangu. Kisha akanawa mikono. Alinawa kwa sabuni mara mbili, mpaka kwenye viwiko, akanusa vidole, akanawa tena.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Mama yako bado anakaa juu ya duka la vitambaa?"

Nikamwambia bado.

Ijumaa, 17 Mei

Chupa ishirini na saba na matangi kumi na moja zimewekwa alama ya rafu moja. Kikwaruzo na godoro watahama pamoja.

Mama kapiga simu saa nne. Mashine ilikuwa inasikika nyuma yake. Kauliza kama nimekula, kauliza habari ya paa, kanisimulia habari za jirani mpaka nikachoka kungoja.

"Mama. Alikuja?"

"Alikuja. Kapanda ngazi zote zile, kasimama mlangoni anahema."

"Alileta nini?"

"Hakuleta kitu. Mikono mitupu, inanukia sabuni." Mashine ikasimama. "Sijawahi kumwona baba yako hana cha kunionyesha."

"Sasa alisema nini?"

"Lile neno nililolingoja, mwanangu," akasema Mama. "Alilisema."